Mwendo wa Nne Bado Sijausikiliza

Mwishwa wangu Generoza,

Ni mimi, marume wako Zakaria, mjomba pekee uliyebakiwa naye, besi wa kigango chetu na besi wa Kibondo nzima mpaka Kasanda. Nakuandikia nikiwa ghalani, nimekaa juu ya ile mizani yetu ya magunia kwa sababu ndiyo kiti pekee kisicho na vumbi la maharage. Mshale unasema themanini na sita. Nikivuta pumzi unatikisika kidogo, halafu unarudi palepale.

Usiucheke mwandiko. Nimeishia darasa la tano, na si kwa ujinga, niliwamalizia majibu walimu wote ishirini. Najua, nakusikia: "Marume, toa sifuri." Ndiyo ilikuwa dawa yako kwangu. Nikisema nimekimbizwa na nyoka kumi, toa sifuri, abaki mmoja. Nikisema watu mia wamenishangilia, toa sifuri, wabaki kumi, na kati ya hao saba ni watoto wangu. Basi toa. Walimu walikuwa wawili na mimi ndiye niliyewashinda kwa utoro.

Una miezi saba sasa hapo Munanila, nyuma ya nyumba ya mama yako, jirani na migomba. Huku mvua zimechelewa. Mke wangu Skolastika hajambo, ila suruali zangu zote amezitia kamba, anasema anaogopa siku moja nitapotelea ndani. Kwaya ipo. Ipo kama nyumba iliyong'olewa bati, kuta zimesimama tu. Kile kijiti cha mti wa kahawa ulichokichonga mwenyewe cha kutuongozea bado kimelala juu ya kinanda. Anayefuta vumbi Jumamosi anakizunguka, hakigusi.

Na Anjelina haimbi tena. Nitafika kwa Anjelina. Yeye ndiye sababu ya barua hii. Lakini niache kwanza nianzie mbali, maana nikianzia karibu nitatupa kalamu.

Unakumbuka nilivyokuwa? Kilo mia moja thelathini na moja, kwa mizani hii hii. Sokoni akina mama waliniita Bosi hata siku ambazo sikuwa na kitu mfukoni, maana kwetu sisi tumbo ni cheti. Mawese yalikuwa yakinitiririka mpaka kwenye kiwiko. Bodaboda wakiniona nanyoosha mkono wanakumbuka ghafla kwamba wana abiria mahali. Na siku benchi la besi lilipokatika katikati ya Utukufu tukaanguka wanaume sita, ni mimi peke yangu niliyeendelea kuimba, nikiwa chali sakafuni, bila kukosa nota. Hapo usitoe kitu. Ulikuwepo, kijiti mkononi, unang'ata midomo usicheke mbele ya padri.

Halafu zahanati wakasema sukari, wakasema presha. Yule nesi mfupi akaniambia, "Baba, punguza mwili, la sivyo mwili utakupunguza wewe." Mimi nikagoma. Nilikuja kwako kujitetea, nikasema besi inakaa tumboni, ukilitoa tumbo umetoa besi, na kigango kitaimba nini? Wewe, kwa kuwa mtoto wa dada ana ruhusa ya kumtania mjomba wake, ukanijibu: "Marume, besi haikai kwenye mafuta. Inakaa kwenye pumzi. Na wewe pumzi huna, unahema kama mbuzi aliyemeza gunia."

Kesho yake ukaniletea redio ndogo ya kadi. Muziki uliomo uliupata Nyarugusu, ulipokuwa ukienda kufundisha watoto wa kambi ya wakimbizi wakati wa likizo, kwa yule mzee wa Kikongo mwenye fidla iliyopungukiwa uzi mmoja. Ukanitolea na maneno yake kwa sauti yake: "Mizike klasike iko dawa, mama. Musikiye na tumbo, hapana na masikio." Na karatasi ukaniandikia kwa mkono wako:

Mwendo wa kwanza: wa haraka.
Mwendo wa pili: wa polepole sana.
Mwendo wa tatu: wa kuchezacheza.
Mwendo wa nne: bado.

Nikajua ni cheti cha daktari. Mwendo ni mwendo, sivyo? Asubuhi ile barabara ya Kitahana iliona mambo. Mwendo wa kwanza ulipoanza, fidla zote zikiwa kama zimemwagiwa siafu, nikakimbia mpaka moyo ukawa unagonga kwenye meno. Wa pili nikatembea kama bibi harusi. Wa tatu nikarukaruka kama ndama, mbele ya akina mama waliokuwa wakienda shamba na majembe begani, na mmoja akatia mkono kinywani, "Yoo! Zakaria amerukwa!" Nilipokuja kukusimulia ulikaa chini kwenye majani, ukacheka mpaka ukashika mbavu. "Marume! Mwendo ni kipande cha muziki! Ndivyo vinavyoitwa!" Halafu ukaniangalia tumbo, ukasema, "Lakini basi. Endelea hivyohivyo."

Nikaendelea miaka minne, nawe ukaanza kutembea nami asubuhi. Watu hudhani mwili unapungua kama gunia lililotoboka, puu. Hapana. Unapungua kama deni la ukoo, huoni mwisho. Mwaka wa kwanza kilo tisa. Mwaka wa pili nne tu, na nikarudisha mbili msimu wa harusi. Ulininyima mawese siku za juma, ukaniachia Jumapili. Nilikuwa nikiota migebuka inaogelea kwenye sufuria. Nikilalamika ulikuwa unaongeza muziki: kipande cha dakika nane kikawa cha kumi na tano, cha kumi na tano kikawa cha kufika mlimani na kurudi.

Na muziki wenyewe, nikiri. Mwanzo niliudharau. Muziki usio na maneno, mtu utajuaje kama unasifu au unalaani? Lakini asubuhi moja, kwenye ule mwendo wa polepole, likaingia zeze kubwa lenye sauti ya mwanamume mtu mzima asiyetaka kulia mbele ya watoto. Nikasimama. Nikamwona baba yangu, babu yako, usiku ule wa kuvuka kutoka Burundi, amenibeba mgongoni, mama yako anamshika shati, na yeye anavuma kitu puani ili nisitoe sauti. Nilikuwa nimesahau ule mvumo. Uliniona machoni nikakuambia ni vumbi. Ukasema, "Ndiyo, Marume, vumbi," na mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri.

Maneno ya watu unayajua. Kwetu mtu hakondi bure: amekonda kwa ugonjwa, kwa njaa au kwa kurogwa. Wakasema Zakaria anaisha, Zakaria anameza vidonge. Nikapanda juu ya gunia la maharage siku ya gulio na karatasi ya zahanati mkononi, nikawasomea kwa sauti ya nne: "Mzima! Mzima! Mzima! Mimi nakonda kwa klasiki!" Wakacheka, wakanyamaza. Nilishinda, Generoza. Kumbe pale ndipo nilipojifunga macho kwa mkono wangu mwenyewe.

Maana mwaka wa mwisho ukaanza kupanda mizani na wewe. Ulisema ni kunisindikiza, nisione aibu. Kila mwisho wa mwezi, mimi kwanza, wewe baadaye. Mimi nikitoa kilo moja, wewe umetoa mbili. Nikitoa mbili, wewe nne. Nikaifanya mashindano. Nilizunguka nayo sokoni: mwishwa wangu ananipita! Nilisema mpaka Kasulu wanajua kuna mwalimu wa kwaya mwembamba kuliko kijiti chake. Mtu akiuliza, "Mwalimu mbona hivi, anaumwa?" nilimrukia: "Hata mimi mlisema naumwa! Nionyesheni kaburi langu!" Nani angenijibu? Nilikuwa ushahidi unaotembea.

Sasa nakuja kwenye lile jiwe.

Unalijua, lile la mlima wa Kitahana tulipokuwa tunapumzika. Maharage yalikuwa yanavunwa. Ulikaa, mimi sikukaa, nilikuwa nataka uone kwamba sichoki. Ukasema, "Marume, chakula hakishuki. Nikila vijiko viwili tumbo limejaa. Na hapa juu panauma." Ukaweka mkono chini ya kifua.

Nikacheka. Nikasema, "Kumbe hiyo ndiyo siri yako! Nami nalitaka tumbo kama hilo!"

Ukacheka na wewe. Ukasema shule zikifungwa utakwenda hospitali Kasulu waangalie. Nikakuambia, "Hospitali ya nini? Watakupa vidonge unenepe, halafu nikushinde." Na ukaahirisha. Hukusema umeahirisha kwa ajili yangu. Lakini shule zilifungwa, na tukaenda mlimani, hatukwenda Kasulu.

Sijamwambia mtu neno hili. Skolastika hajui. Padri hajui, nimekaa kwenye kitubio nikataja mawese.

Na si hilo tu. Mama yako alipokuja kwenye kipaimara akakuona unatoka na daftari la nota, alinivuta nyuma ya kanisa. "Zaka, mbona mwanangu anaisha?" Nikamwambia, "Dada, huyo ni mwanariadha. Wewe hujui klasiki." Akarudi Munanila na moyo umetulia, kwa sababu mimi ni ndugu yake na alinibadilishia nepi. Na Anjelina wako, soprano, jirani yako wa chumba cha pili, aliyekuwa anakukorogea uji, alikuja hapa hapa ghalani, akasimama mlangoni hakutaka hata kukaa. "Baba Zakaria, Mwalimu anatapika. Anatapika kila siku. Msemeshe, wewe ndiye anayekusikia." Nikamjibu mbele ya wapakizi, "Nyie masoprano mna wivu, mnataka naye anenepe kama nyie." Wakacheka. Akaondoka bila kuaga.

Yeye ndiye aliyekuwa na macho, Generoza. Kijiji kizima, mtu mmoja.

Ulipoanguka kwenye mazoezi, tena kabla sisi besi hatujaingia, mimi ndiye niliyekubeba kukuingiza hospitali kule Kasulu. Mimi, mtu wa magunia. Nilikuweka mgongoni nikangoja uzito, haukuja. Mizani yao ilisema thelathini na nane. Daktari akaminya, akapiga picha, akasema saratani ya tumbo, akasema kwa upole, "Angekuja mapema kidogo." Kisha akauliza, "Nani alikuwa naye kila siku?" Mama yako akamtazama Anjelina. Wote wakamtazama Anjelina. Mimi nikatazama viatu vyangu.

Siku yako ya mwisho ya kuongea uliniuliza, "Marume, una ngapi?" Nikasema tisini na tatu. Ukasema, "Bado tatu. Ukifika tisini, mwendo wa nne tunausikiliza wote. Usidanganye, usiusikilize peke yako." Nilitaka kukuambia pale pale habari ya jiwe. Nikajiambia kesho.

Kwenye maziko tuliimba ile misa ya wafu ya Kilatini uliyotufundisha miezi sita, neno kwa neno, mpaka wazee wa Munanila wakawa wanaulizana hawa wametoka nchi gani. Ilipofika zamu ya besi nikafungua kinywa. Hakikutoka kitu. Si pumzi, si sauti. Mara ya kwanza tangu sauti yangu ibalehe. Wenzangu watatu wa besi waliosafiri wakajikokota peke yao, na tulimaliza kila mtu kwa wakati wake, kama mbuzi wanaoingia zizini.

Halafu tukarudi mbele ya nyumba kunawa, kama desturi yetu ilivyo baada ya kuzika. Anjelina ndiye aliyekuwa ameshika jagi na beseni, tangu asubuhi alikuwa akichota maji kuliko binti yeyote wa ukoo. Mama yako akafika mbele yake, akakunja mikono ndani ya kitenge. Akasema si kwa kelele: "Mwanangu alilishwa sumu. Na aliyemlisha ndiye anataka kuninawisha." Basi. Watu wakampita mmoja mmoja wakaenda kunawa mtoni. Nami nilikuwa kwenye mstari. Nilikuwa mtu wa nne kutoka kwake, Generoza. Maji ya beseni yalikuwa bado safi. Nikapita. Nikaenda mtoni na wengine.

Tangu hapo maandazi yake yanaozea kwenye ndoo. Hakuna mtu wa Kibondo anayetaka kula kilichopita mkononi mwake. Kwenye kwaya benchi lake lilibaki na yeye peke yake, wenzake wamesogea, mpaka Jumapili moja akaweka kitabu chini akatoka mlango wa pembeni. Mwenye nyumba amempa mwezi atafute pengine. Nilimweleza mama yako kwa simu kwamba saratani ni ugonjwa kama ugonjwa, hailishwi na mtu. Akanijibu, "Hilo ni jina la kizungu la kitu alicholishwa. Kama alikuwa anaumwa, wewe uliyekuwa unatembea naye kila asubuhi si ungejua?"

Nilisema mtandao unakatika.

Kilo tisini nilizifikia wiki tatu baada ya kukuzika. Si kwa mwendo wowote. Ugali ulikuwa haushuki. Vijiko viwili, tumbo limejaa. Wanaouliza kama naumwa wamerudi, na safari hii sipandi juu ya gunia.

Jumamosi ijayo tunaganduka. Tunamaliza matanga yako, watu wote wa Munanila watakuwepo na ukoo utatoka Kibondo, na kama desturi, mkubwa atasimama kuuliza mara ya mwisho: kuna mwenye neno juu ya marehemu? Likishapita hapo limepita. Halisemwi tena, na Anjelina atabaki vile walivyomfanya mpaka afe.

Jana nilikwenda kwake. Chumba chako kina mpangaji mwingine, ameweka pazia la kijani. Nilimwambia Anjelina yote, jiwe, tumbo, Kasulu, yote, nikiwa nimesimama mlangoni kama alivyosimama yeye mlangoni kwangu. Nilidhani atanimwagia maji ya moto. Alichambua mchele, akamaliza sinia lote. Ndipo akasema, "Nilijua, Baba. Mwalimu aliniambia. Alisema nisikuseme, maana wewe ukivunjika hutaimba tena." Nikamwambia twende wote Munanila. Akasema, "Nitakuja. Lakini nitasimama nyuma." Nikamwambia hapana, utasimama penye maji ya kunawa.

Kwa hiyo hivi ndivyo itakavyokuwa. Ningeweza kukuambia nitatembea kwa miguu kutoka Kibondo, siku kumi, lakini ungetoa sifuri, na kweli ni siku moja ya gari: basi mpaka Kasulu, halafu gari la Manyovu. Nitashuka vilima viwili kabla ya kwenu niende kwa miguu, kwa sababu ndivyo ulivyonizoesha kufika. Anjelina atashika jagi na beseni palepale. Nitakunja mikono ya shati mbele ya mama yako na mbele ya ukoo, niwe wa kwanza kunawa kwenye maji yake. Halafu nitasimama, nitasema. Sitasema kama ninavyosema mimi. Sitaweka nyoka wala umati. Nitasema: aliniambia panauma, nami nikacheka. Alitaka kwenda Kasulu, nami nikamzuia. Dada aliniuliza, nikamdanganya. Huyu binti alisema kweli, nikamtukana. Hakuna cha kuongeza, na ukitafuta sifuri ya kutoa hutaipata.

Dada anaweza kunifukuza. Ana haki. Anaweza kukunja mikono yake ndani ya kitenge mbele yangu kama alivyokunja mbele ya Anjelina, na nitakuwa sina ndugu tena duniani mwenye kunijua tangu usiku ule wa kuvuka. Ninaogopa, mwishwa wangu. Mimi niliyejisifu kwamba siogopi.

Jioni, wakiniacha nifike kaburini kwako, au wasiponiacha basi kutoka nje ya uzio, nitawasha redio yako. Mwendo wa nne. Karatasi yako inasema "bado" tu, hukuandika kama ni wa haraka au wa polepole, kwa hiyo sijui nije kwako nikikimbia au nikikokota miguu. Mimi nitafuata utakavyonituma. Na kama kuna mahali pa besi, nitaingia. Pumzi sasa ninayo, uliniachia.

Urabeho, Generoza. Lala pole.

Marume wako,
Zakaria
kilo themanini na sita, nimepima sasa hivi